Chakula Saa Nne Usiku? Sisi Tulisema Basi!

Mume kazini, mke kazini, foleni haina huruma na mtoto anasinzia kabla sufuria haijachemka. Kama hiyo ndiyo nyumba yako, karibu tukae. Haya si mambo ya kusoma darasani, ni yale yaliyotutoa sisi wawili kwenye ugomvi wa kila jioni.

Ilikuwa Alhamisi. Nilitoka ofisini Posta saa 11:40 jioni, nikafika nyumbani Mbezi saa 2:10 usiku, miguu imevimba kwa kusimama kwenye basi. Dada aliyekuwa akitusaidia alikuwa amerudi kwao mwezi uliotangulia, na binti yetu wa miaka minne nilimpitia kwa mama jirani. Saa 2:25 nikabandika maharage. Makavu. Moja kwa moja kutoka kwenye mfuko.

Si unajua kilichofuata? Saa 3:00 bado magumu. Saa 3:30 nikaongeza maji. Saa 4:00 nikaonja, yanagonga meno. Nilipogeuka nikamkuta binti yangu amelala kwenye mkeka mlangoni mwa jikoni, sahani tupu mapajani, kijiko mkononi. Mume wangu akamtazama mtoto, akatazama sufuria, akachukua funguo, akatoka. Alirudi saa 5:30 akinukia nyama choma.

Sikumuuliza alikuwa wapi. Naye hakusema. Huko kutoulizana ndiko kulikonitisha kuliko njaa yenyewe.

Jumamosi tulipokaa kuzungumza, nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mke wangu, mimi sikukimbii wewe. Naikimbia njaa."

Nikamjibu, "Na mimi nikiwa na njaa, nani ananipikia?"

Kimya. Kisha akatoa siri. Wiki tatu nyuma walikuja wahudumu wa afya ofisini kwao kupima watu presha, yake ikasomeka 148 kwa 94. Aliambiwa arudie vipimo na apunguze chumvi. Badala yake, kila jioni alikuwa anasimama kwenye chipsi na nyama choma kwa sababu nyumbani chakula ni saa nne. Jamani, nilihisi baridi. Kumbe tulichokuwa tunagombania hakikuwa heshima, wala mapenzi. Kilikuwa ni sufuria la maharage.

Kabla ya yote, tulihesabu saa

Tulichukua kalenda ya zamani, tukaigeuza, tukaandika nyuma yake jioni yetu inavyokwenda. Foleni ya Barabara ya Morogoro hatuwezi kuifuta. Bosi hatuwezi kumfukuza. Lakini tuligundua kwamba kati ya kufika nyumbani na kula, mimi nilikuwa natumia muda mwingi kwa kazi zisizohitaji kufanywa saa ile: kuchambua, kumenya, kukata, kusubiri kitu kiive. Hizo ni kazi za siku nyingine, na za mikono minne badala ya miwili.

Mpenzi msomaji, fanya zoezi hili na mwenzako kabla ya kununua chombo chochote kipya cha jikoni. Watu wengi tunakimbilia vyombo wakati tatizo ni ratiba.

Maharage ya leo hulowekwa jana

Wiki iliyofuata mama mkwe akaja kutoka Moshi. Nitasema ukweli, niliogopa. Nilijua ataona jikoni kwangu na ataondoka na habari. Usiku wa kwanza saa tatu nikamkuta mezani anachambua maharage.

"Mama, pumzika. Hayo tutapika kesho."

"Ya kesho ndiyo, mwanangu. Ya leo yalipaswa kulowekwa jana." Kisha akacheka, na woga wangu ukaisha hapo hapo.

Nimejifunza kwake, na nikaongezea ya kusoma mwenyewe. Chambua, osha, loweka kikombe kimoja cha maharage kwa vikombe vitatu vya maji, yakae saa 8 au zaidi. Joto la Dar likizidi, weka bakuli kwenye friji yasije yakachacha. Asubuhi au jioni, mwaga maji hayo na upike kwa maji mapya. Maharage yaliyolowekwa huiva kwa takriban saa moja hadi saa moja na nusu kwenye jiko la kawaida, kutegemea aina na umri wake. Yaliyokaa dukani muda mrefu hukaidi zaidi.

Nyanya, ndimu na ukwaju visiingie mpaka yawe yameiva. Vitu vyenye uchachu huzuia maganda yasilainike. Lile kosa nililifanya miaka yote: naweka nyanya mapema "yakolee", halafu nalalamika maharage ni mabaya. Magadi nayo hulainisha kweli, ila huharibu vitamini B1, kwa hiyo kama umeloweka huna haja nayo.

Angalizo kwa maharage mekundu: yana sumu ya asili ambayo haifi kwa moto mdogo. Lazima yachemke kwelikweli, mapovu juu, kwa dakika zisizopungua 10, ndipo upunguze moto. Maharage mabichi mabichi ya katikati si ushujaa. Yatakufanya utapike usiku kucha.

Kama mna sufuria ya presha, ndiyo msaada mkubwa. Mvuke unaobanwa ndani hupandisha joto la maji hadi karibu nyuzi 120, badala ya 100, ndiyo maana maharage yaliyolowekwa huiva kwa nusu saa hivi au chini ya hapo. Usijaze kupita nusu ukipika nafaka au maharage, na usilazimishe mfuniko kabla mvuke haujaisha wenyewe.

Siri kubwa sasa: usipike ya siku moja. Kilo moja ya maharage makavu hutoa zaidi ya kilo mbili yaliyoiva. Sisi tunachemsha Jumapili bila kuunga, yakipoa tunagawa kwenye makopo ya mlo mmoja mmoja, mawili kwenye friji na yaliyobaki kwenye friza. Alhamisi natoa kopo, naunga kwa nazi, dakika 15 tunakula.

Rojo la Jumamosi

Hesabu mara ngapi kwa wiki unakaanga kitunguu na nyanya. Mboga, nyama, mayai, samaki, wote wanaanzia palepale. Sasa kwa nini ukaange mara saba?

Jumamosi asubuhi mmoja wetu hupitia sokoni, nyanya zikiwa nyingi na bei imetulia. Tunakaanga vitunguu vya kutosha, tunaongeza nyanya zilizosagwa, karoti na pilipili hoho, tunaacha zikauke maji mpaka mafuta yajitenge. Hilo ndilo rojo letu. Likipoa linagawanywa kwenye vikopo, linakwenda friza. Chumvi tunaweka siku ya kupika, na hapo ndipo tunapoweza kuipima.

Kitunguu saumu na tangawizi nao tunatwanga vya wiki mbili tatu. Ili maganda ya saumu yatoke bila kukutesa, loweka punje kwenye maji ya uvuguvugu dakika kadhaa. Ukishatwanga, jaza kwenye vile visahani vya kugandishia barafu. Vikishaganda, hamishia kwenye mfuko, kila mlo unatoa kipande kimoja. Usiweke saumu iliyotwangwa ndani ya mafuta ukaiacha kabatini siku nyingi, hata kama inanukia vizuri. Humo huweza kuota bakteria wa sumu kali ambayo haionekani wala kunusika.

Mboga za majani, osha kisha kata

Mama mkwe alinikuta nakata mchicha halafu naukamua kwenye beseni la maji. "Sasa unamnywesha nani hiyo supu?" akaniuliza. Ana haki. Vitamini C na baadhi ya vitamini B huyeyuka kwenye maji. Osha majani yakiwa mazima, kata baadaye, pika kwa maji kidogo na muda mfupi, ufunike. Na usiogope kijiko cha mafuta au tui la nazi: kile kinachogeuka kuwa vitamini A ndani ya mboga za kijani mwili hukipokea vizuri kukiwa na mafuta kidogo.

Kuokoa muda, Jumapili tunachambua mafungu mawili ya mboga bila kuyaosha, tunayafunga kwenye kitambaa kikavu na kuweka friji. Unyevu ndio unaoyaozesha. Siku ya kupika ni kuosha na kukata tu.

Kiporo ni kitamu, ila kina masharti

Nani hapendi kiporo cha wali na chai ya rangi asubuhi? Mimi ni wa kwanza. Lakini wali ulioachwa kwenye sufuria jikoni usiku kucha ni hatari. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi wali unapopikwa. Ukikaa kwenye joto la kawaida, vinaota na kutoa sumu, na sumu hiyo kuipasha moto hakuiondoi.

Kwa hiyo mkimaliza kula, utandaze wali kwenye sinia upoe upesi, ndani ya saa moja uwe umeingia friji. Ule kesho yake, pasha mpaka utoe mvuke kila mahali, na upashe mara moja tu. Wali wa nazi uwahi zaidi maana tui huchacha haraka. Huna friji? Pika kipimo chenu. Kikombe pungufu ni afadhali kuliko kiporo cha mashaka. Hotipoti ni nzuri kumwekea mwenzako anayechelewa saa moja mbili, lakini si ya kulaza chakula mpaka asubuhi.

Na umeme ukikatika? Usiwe unafungua friji kila dakika kuangalia. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hufika takriban saa 48, na ya nusu saa 24. Sisi nafasi tupu kwenye friza tunajazia chupa za maji, zikiganda zinasaidia kushika baridi.

Gesi isikuishie saa mbili usiku

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mjini wengi wetu tumeshahamia kwenye mtungi. Ila mtungi una tabia ya kuisha ukiwa na wageni. Andika tarehe ya kubadilisha ukutani. Baada ya miezi mitatu utajua mtungi wenu hukaa siku ngapi, na pesa yake utaanza kuitenga mapema.

Funika sufuria. Ni jambo dogo, lakini maji yanachemka upesi na gesi inapungua. Moto usizidi kitako cha sufuria, maana ule unaopanda pembeni unapasha ukuta tu. Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria zinapata masizi, jiko linahitaji kusafishwa.

Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni, pale pale mtoto anapochezea.

Jumanne na Ijumaa ni zake

Sasa tufike kwenye ile ngumu. Ujanja wote huu ungekuwa bure kama ungebaki mabegani mwangu. Ningekuwa mke aliyechoka mwenye friza iliyopangwa vizuri.

Mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema, "Nipe siku mbili." Tukakubaliana Jumanne na Ijumaa, maana siku hizo yeye hufika mapema kuliko mimi. Jumanne ya kwanza ugali ulikuwa na madonge ya kuhesabika. Nilitaka kusema neno, nikalimeza pamoja na donge. Akina dada, hapa ndipo tunapoharibu. Ukimsimamia mgongoni na kumsahihisha kila mkorogo, wiki ijayo atarudi kwenye kochi, na utakuwa umemrudisha wewe.

Wenzake walipojua, wakaanza utani wa kijiweni: "Bwana mkubwa, umekaliwa!" Akawajibu, "Nilikaliwa na njaa miaka mitano. Sasa imeshuka." Siku hizi mmoja wao humpigia simu kuuliza rojo linawekwa nini.

Wiki yetu inakwenda hivi. Jumatatu wali na maharage. Jumanne ugali wa baba, mayai ya rojo na mchicha. Jumatano ndizi na nyama iliyochemshwa Jumapili. Alhamisi maharage ya nazi na chapati tulizogandisha. Ijumaa baba tena, dagaa au samaki. Jumamosi usiku hatupiki kabisa: tunatoka sote watatu, au tunakula matunda na mkate, na hakuna anayelaumiwa.

Chumvi, asubuhi na usingizi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, ikijumlisha iliyomo kwenye mkate, chipsi na vile viungo vya mchemraba. Tuliitoa kopo la chumvi mezani. Ndimu, pilipili manga, binzari na ile saumu ya barafu vikachukua nafasi. Wiki ya kwanza chakula kilipooza. Ya tatu ulimi ukazoea.

Asubuhi nazo tulizipunguzia presha jioni yake. Nguo zimepigwa pasi Jumapili, mkoba wa mtoto uko mlangoni, chakula cha mchana cha ofisini kinafungwa pale pale tunapopakua cha usiku. Zile dakika 20 za kutafutana soksi tumezilala. Na kwa kuwa tunakula mapema, tunalala mapema, angalau saa saba kwa usiku. Sijui kama kuna dawa ya mapenzi kuliko watu wawili waliolala vizuri.

Alhamisi nyingine

Sitawadanganya kwamba kila kitu kimenyooka. Foleni ipo. Kuna wiki tunashindwa, Jumapili inapita na msiba au harusi, na friza inabaki na barafu tu. Siku hizo tunanunua chipsi na tunacheka. Mume wangu bado anakwenda kliniki kupima presha, na daktari ndiye anayeamua, si mimi na maharage yangu. Tofauti ni kwamba sasa tunakwenda wote, na nambari zikisomwa ninazijua.

Juzi ilikuwa Alhamisi tena. Nilifika saa 2:10, kama kawaida. Kopo la maharage lilikuwa limeshatolewa friza tangu asubuhi na kuwekwa friji, baba mtu ameshakuna nazi. Saa 2:35 tulikuwa mkekani. Binti yangu alionja kijiko cha kwanza, akanitazama kwa mshangao wa kitoto.

"Mama, leo mbona sijalala?"

Baba yake akainamia sahani. Na mimi nikajifanya nimepaliwa na pilipili.

Basi msomaji wangu, usianze na friza wala sufuria ya presha. Usiku wa leo, kabla hujazima taa, loweka kikombe kimoja cha maharage. Halafu mwambie mwenzako kesho nani anayaunga.